Samaki Wanane wa Mjomba

Duka la ushirika la kijijini kwetu lilipofungwa, vitu vyake vilitolewa nje vikapangwa uwanjani: mizani, madebe, rafu za mbao, na kabati la vioo ambamo zamani mliwekwa sabuni na vitenge. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Kila wiki kulikuwa na mtu mpya anayeshuka kutoka Mbinga na marobota ya mitumba, kwa hiyo duka lile hakuna aliyelisikitikia. Watu waligombania mizani na madebe. Mimi niliomba kabati, na kwa kuwa vioo viwili vilikuwa vimepasuka pembeni, nilipewa bila maneno mengi.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari kando ya Ziwa Nyasa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Liuli. Shule haikuwa na umeme wala maabara. Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba mtu anaweza kuweka maji, mchanga, majani, konokono na samaki ndani ya chombo cha kioo, vikatunzana vyenyewe bila mashine yoyote, mradi kila kimoja kiwe kwa kadiri yake. Jambo hilo halikunitoka kichwani. Nilipoliona lile kabati nikajua nimepata tangi langu.

Nyumba ya walimu niliyokaa nilishirikiana na mwalimu wa jiografia, msichana wa Matiri, kwa wakulima wa kahawa huko juu milimani. Tulianza kazi mwaka mmoja. Alipofika aliliogopa ziwa hata kuchota maji, na nikamzoesha taratibu, leo magotini, kesho kiunoni. Nilimfundisha kula usipa, hao dagaa wetu, na vichwa vyao. Yeye alinifundisha kupika maharage ya kwao yakaiva kama siagi. Siku nilipopandwa na malaria nikaanza kuweweseka, ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli ya shule akaisukuma mpaka hospitali, jua lote likimwakia. Aliniita dada nami nikamwita dada, na hatukuwahi kuulizana nani mkubwa.

Fundi wa madirisha alinikatia vioo na kuviunga kwa pati ya kubandikia vioo. Tukajaza maji jioni, asubuhi tukaamka tukakuta sakafu imekuwa dimbwi na madaftari ya wanafunzi yanaelea. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwandikia kaka yake, aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja Songea, na baada ya wiki tatu ikaja chupa ya gundi ya silikoni ambayo hakuna fundi kijijini aliyewahi kuiona. Tuliunga vioo upya sisi wenyewe, yeye akishika pembe, mimi nikipaka. Halikuvuja tena. Kwa hiyo siwezi kusema tangi lilikuwa langu peke yangu.

Mchanga niliuosha mara saba katika beseni. Mawe niliyachagua yenye matundu. Majani yaliyo kama utepe niliyang'oa na mizizi yake kwenye maji ya kina kifupi, nikayapanda mstari wa nyuma. Konokono niliwaokota miambani tu, si penye matete, maana huko ndiko wanakokaa wale wa kichocho, na sikuingiza mkono mtupu ndani ya maji yale, nilitumia koleo. Samaki wa kwanza niliwatia siku ileile, kwa haraka yangu, wakafa wote watatu na maji yakawa meupe kama maji ya mchele. Nikarudi kwenye daftari langu la chuo. Kumbe ilinipasa kungoja. Vijidudu wa mchangani, wasioonekana kwa macho, lazima wazaliane kwanza, kwa sababu wao ndio wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa mbolea ya majani.

Basi tukangoja mwezi mzima. Jua la alasiri lilipogeuza maji kuwa ya kijani, tulilihamisha tangi, likakaa mahali panapopata mwanga wa asubuhi tu. Maji yakaanza kung'aa. Ukikaa kimya saa nne asubuhi ungeona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye majani, kimoja kimoja. Hapo ndipo nikaenda kwa mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mvuvi, na alikuwa na mwamba wake. Haukuwa wake kwa karatasi. Alikuwa tu anaujua kuliko wengine. Ulikuwa umezama, mgongo wake ukionekana chini ya mtumbwi siku za maji matulivu. Pale waliishi mbuna, samaki wadogo wa miambani, ambao sikuwaona kwingine kokote: mwili wa buluu iliyokolea, na juu ya pezi la mgongoni mstari wa njano kama uliochorwa kwa chaki. Nilimweleza ninachotaka. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akachukua kipande cha chandarua, tukaenda. Alipiga mbizi asubuhi nzima na kunipatia wanane katika ndoo.

"Wa hapa ni wa hapa," aliniambia tukirudi. "Mwamba ule kule una wa kwake, na huu una wa kwake. Hawavuki mchanga. Ukiwamaliza hapa, hakuna wengine wa kuja. Nakupa kwa ajili ya shule. Usimlete mtu."

Nikamwahidi.

Wale wanane walikaa vizuri. Walikwangua ukijani juu ya mawe kutwa nzima, konokono wakala majani yaliyooza, nami kazi yangu ikabaki kuongeza maji yaliyokauka na kutupia chembe za dagaa mara mojamoja. Wanafunzi waliingia kwa makundi, wakavua viatu mlangoni kama kanisani. Kulikuwa na jike mmoja ambaye pezi lake la mkia lilikuwa limekatika kipande, na huyo ndiye tuliyempenda. Mwenzangu ndiye aliyegundua kwamba haleti mdomo wake kwenye chakula. Taya zilikuwa zimevimba. Nilimweleza kwamba samaki hawa hutamia mayai mdomoni, na mama hali mpaka watoto watoke. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo na daftari za kusahihisha mapajani bila kusahihisha hata moja. Wiki ya tatu watoto wakatoka, wadogo kama punje za mchele, wakajificha kwenye matundu ya mawe. Alinishika mkono, na machozi yalimlengalenga. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Nimeyafikiria sana na bado naamini hivyo.

Kuanzia hapo aliandika kila kitu: kiasi cha mchanga, joto la maji, samaki wanachokula. Nilidhani ni mapenzi. Nami katika daftari langu la kufundishia nilikuwa nimechora ramani ya ufuo ili wanafunzi waelewe makazi ya samaki: rasi, mnara wa kanisa, mti mkubwa wa peke yake, na mistari miwili inayoonyesha kwamba ukiupanga mnara na mti ule mstari mmoja, na rasi ikawa mkono wako wa kushoto, utakuwa juu ya mwamba. Chini niliandika: "Kwa mjomba, walikotoka samaki wetu." Aliniomba daftari lile akafundishie usomaji wa ramani. Nikampa. Alinirudishia, na sikuhesabu kurasa.

Likizo ya Juni niliitwa Songea kwenye semina ya walimu wa sayansi, wiki nne. Nilimwachia maelekezo kwenye karatasi ingawa alikuwa akiyajua kunizidi. Alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanifungia muhogo wa kuchemsha wa njiani, akaniambia nisiwe na wasiwasi na watoto, akimaanisha samaki.

Nilirudi mchana, nimechoka na vumbi la milimani. Nilipopita ufukoni niliona majivu ya moto wa kambi, vipande vya mifuko ya nailoni na mipira ya kufungia, mingi, imetapakaa mchangani. Nikadhani ni wavuvi wageni. Mwenzangu alinipokea vizuri. Alikuwa amepika wali na kuku, jambo la sikukuu, nami nikafurahi. Nikaenda kuwasalimu samaki.

Walikuwa wanane. Wa buluu. Lakini mstari wa njano haukuwepo, na badala yake palikuwa na weusi mwembamba. Nilimtafuta jike mwenye mkia uliokatika. Nilimtafuta nyuma ya kila jiwe.

"Hawa si wale," nilisema.

Alikuwa akipakua wali. Alijibu bila kugeuka kwamba ni wale wale, ila baridi ya Juni imewabadilisha rangi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia, na yeye alijua hilo. Nilikaa mezani nikala. Sijui kwa nini nilikula. Nafikiri nilitaka kidogo tu iendelee kuwa kweli kwamba ameniandalia chakula kwa sababu nimerudi.

Asubuhi nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa ufukoni anashona wavu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," naye akaitikia, "Marahaba," bila kuongeza "mwanangu" kama kawaida yake. Hakunikaribisha. Alimwita mkewe alete ile karatasi, na mkewe akaja na ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umekunjwa mara nne. Mjomba hakujua kusoma, lakini aliufungua na kuunyoosha juu ya goti lake.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu, mjomba."

"Na mchoro?"

"Wangu pia. Lakini mimi sikumpa mtu..."

"Nilikuambia usimlete mtu," alisema. "Kweli hukuleta. Ulituma."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua niliyoyatenda. Mwenzangu alifika na wageni watatu na mashine ya kupulizia hewa, wazamiaji wenye miwani ya majini. Alimwambia kwamba mwalimu yuko Songea, amewatuma, wasaidie, na huu hapa mwandiko wake. Walikuwa na kibali chenye mihuri, kila mtu alikiona. Mjomba akawapeleka kwa mtumbwi wake mwenyewe. Walikuwa wakiwatoa mbuna kwa nyavu ndogo, wakiwatia katika mifuko ya maji yenye hewa, wakipakia kwenye gari lililofunikwa turubai ili wasafirishwe mbali, ng'ambo, kwa watu wanaofuga samaki sebuleni. Walimaliza mwamba wake, wakahamia ya jirani.

"Wamebaki wangapi?" nilimuuliza.

Akainama juu ya wavu wake. Nilisimama pale nikieleza habari ya ramani, ya somo la jiografia, ya daftari. Nikiwa katikati ya maneno alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwenzangu nilimkuta anapiga pasi, pasi ya mkaa, gauni lake la buluu. Nilimwambia mjomba ameniambia yote.

Hakukana. Alisema kaka yake alimsimulia tajiri wake habari za tangi letu, tajiri akaja kuliona mara tu nilipoondoka, akakaa kwenye kiti changu, akawatazama wale wanane na kusema amezunguka ziwa zima hajaona rangi ile. Wale aliondoka nao siku ileile kama mfano, na mahali pao wakatiwa wengine. Alimwahidi mwenzangu kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi yake, kusimamia matangi.

"Kwa nini ulitumia jina langu?"

"Kwa jina langu mimi asingewapeleka. Mimi si mtu wa hapa."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi," alisema, akageuza gauni upande wa pili. "Wale wana kibali, dada. Wangezunguka kila mwamba mpaka waupate. Nyakati zimebadilika. Mimi sitaki kuzeekea hapa nikisubiri mshahara usiofika."

Neno lile "dada" ndilo lililoniumiza. Kama angenitukana ningejua pa kushika. Alikuwa ananieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza ndugu yake kwa nini ameamua kuhama shamba. Kisha akasema jambo ambalo naamini alidhani litanifariji: kwamba tajiri amesema yule jike mwenye mkia uliokatika hafai kuuzwa, kwa hiyo huenda wamemrudisha majini. Majini wapi, hakujua.

Aliondoka baada ya siku nne. Gari la tajiri lilikuja kumchukua. Siku zile nne tulikaa nyumba moja, tukapika jiko moja kwa zamu, na sikumbuki tulisemezana nini. Alipopanda gari alinyoosha mkono, nami nikaupokea, kwa sababu walimu wengine walikuwa wanatazama.

Kijijini nikawa mwalimu aliyeuza mwamba. Sikuitwa hivyo usoni. Nilijua kwa jinsi wanawake walivyonyamaza nilipofika kuchota maji. Nilikwenda ofisi ya kijiji kueleza; mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima, akasema kibali ni kibali na biashara sasa ni huria, na kama sikuwatuma mimi basi hakuna neno. Mama yangu aliniamini, lakini aliniomba niende nikamwombe kaka yake msamaha hata hivyo. Nilikwenda mara tatu, mara moja nikapiga magoti. Mjomba alinitazama tu, akasema, "Nimesikia."

Watoto wa yule jike hawakuonekana na mtu. Nilipowaondoa wale samaki wageni na kuinua jiwe moja baada ya jingine, niliwakuta tisa. Niliwalea peke yangu mpaka wakafikia urefu wa pingili ya kidole na mstari wa njano ukaanza kuonekana. Nikamwomba mvuvi mmoja aliyeoa kijijini kwetu anipeleke mwambani, kwa sababu mjomba nisingeweza kumwomba. Maji yalikuwa matulivu. Niliinama juu ya ubavu wa mtumbwi nikatazama chini. Mwamba ulikuwa umeota ukijani mrefu kama nywele, unayumbayumba, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuukwangua. Sikuona hata mmoja. Nilichanganya maji ya ziwa na ya ndooni kidogo kidogo ili wasishtuke, kisha nikaizamisha ndoo. Walisita kutoka. Halafu wakatoka wote kwa pamoja wakashuka, na ule ukijani ukawafunika. Mvuvi akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo.

Tangi liliendelea kuishi. Hilo nalo lilinikera kwa muda, jinsi lilivyokuwa halijali. Nilitia samaki wa kawaida wa pwani ya ziwa, majani yakazidi kuota, na wanafunzi wakaendelea kufaulu swali la mizunguko ya asili. Nilipohamishiwa Mbinga mjini nililiacha shuleni, maana baridi ya juu ingewaua samaki.

Kwa miaka yote iliyofuata mjomba hakula tena nyumbani kwangu. Sukari niliyompelekea Krismasi ilirudi. Kwenye mazishi ya mama yangu alikaa mbali nami, na alipougua, dawa nilizotuma alizipokea tu kutoka mkono wa mtu mwingine. Nilizoea. Nilijiambia kwamba ana haki, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu, na mtu asiyejua kusoma ataamini nini kama si mwandiko?

Alipofariki nilishuka kutoka Mbinga kwa basi la asubuhi. Siku ya pili baada ya maziko nilikuwa uani na mke wa mjomba, tunamenya muhogo wa kuwapikia wageni. Alikuwa mtulivu. Alisema bila kuniangalia:

"Wewe hukuwatuma wale watu."

"Sikuwatuma, mama."

"Alijua."

Niliweka kisu chini. Akaendelea kumenya. Alisema siku ya kwanza mjomba aliamini kweli kwamba ni mimi. Lakini mtumbwini alikuwa akinisifu sana, mwanangu mwalimu hivi, mwanangu mwalimu vile, mpaka yule mwenzangu akaona haya. Siku ya pili, kabla hawajasukuma mtumbwi, alimwambia mjomba pembeni kwamba mimi sijui lolote.

"Akafanyaje?"

"Alikaa kidogo. Kisha akawapeleka."

Alitupa muhogo ndani ya beseni. Waliahidi kumpa mashine ya mtumbwi, alisema, na walimpa kweli, ile ndogo iliyoharibika mwaka uleule. Aliwapeleka siku tisa. Alinihifadhia ule ukurasa kwa sababu alijua nitakuja.

"Nilipopiga magoti?" niliuliza. "Siku ile?"

"Alilia ukiisha kuondoka," alisema. "Lakini angekuambia nini? Ingembidi aanze na zile siku tisa."

Mwenzangu nilikuwa nimekwisha kumzoea kifuani mwangu, kama mtu anavyozoea jino bovu. Hili lilikuwa jipya, na sikuwa na mtu wa kulipelekea, kwa sababu mwenyewe alikuwa chini ya udongo wa juzi. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba hatia ya mtu mwingine, naye alikuwa ananitazama nikiibeba. Mke wa mjomba aliniomba nisiliseme pale, marehemu apumzike. Nikakubali, nikaokota kisu nikaendelea kumenya, maana wageni walikuwa wengi.

Alasiri, wazee waliita mmoja wa wapwa aseme neno la shukrani. Walinichagua mimi kwa kuwa ni mwalimu. Nilisimama. Watu walinyamaza kwa namna ileile waliyonyamaza wanawake nilipofika kuchota maji, wakingoja waone mwuza mwamba atasema nini juu ya mwenye mwamba. Nilisema mjomba alilijua ziwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na kwamba mara moja alipiga mbizi asubuhi nzima kwa ajili ya shule yetu bila kudai kitu. Yote hayo yalikuwa kweli. Wakaitikia amina, nami nikakaa.